Namna ya kujisomea historia ya dunia tangu 1914

Wengi wanaoamua kujisomea historia ya dunia ya karne ya 20 hukwama mahali pale pale. Vita vya Kwanza vya Dunia vinajaza nusu ya daftari, Hitler anachukua robo, Vita Baridi vinapitiwa mbiombio, na yaliyotokea baada ya 1991 hayaguswi kabisa. Si uvivu. Wamesoma kitabu tangu ukurasa wa kwanza kana kwamba kila tukio lina uzito sawa, na wamekariri tarehe bila kuzipa kazi.

Tarehe ina kazi moja kubwa: kupima kama maelezo uliyopewa yanaweza kuwa kweli. Anayesema jambo hili lilileta lile anapaswa aeleze kilichotokea katikati, na kwa nini matokeo hayakuja mapema zaidi. Ukiizoea kazi hiyo, hata kumbukumbu inakaa, kwa sababu tarehe inashikana na swali.

Tenga wiki 16, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki 2 za kwanza ni za mstari wa wakati na ramani. Wiki 8 ni za mada nne tu, wiki mbili kila moja. Wiki 4 ni za kusoma hati, na 2 za mwisho ni za insha. Mada nne zinaonekana chache, lakini anayezijua nne kwa kina huzielewa nyingine haraka. Aliyegusa ishirini juujuu hawezi kujibu swali la “kwa nini” hata katika moja.

Mstari wa wakati

Unahitaji karatasi nne za A4, selotepu, rula, kalamu za rangi nne na kaunta buku moja. Laza karatasi kwa urefu, kingo zigusane bila kupandana, uzibandike kwa upande wa nyuma. Utapata ukanda wa karibu sentimita 119. Sentimita moja iwe mwaka mmoja. Weka 1906 kwenye ukingo wa kushoto, mwaka Uingereza ilipozindua manowari ya Dreadnought na kuyafanya mashindano ya silaha na Ujerumani yawe makali zaidi. 2024 itaangukia karibu na mwisho. Gawa kimo cha karatasi katika safu nne za sentimita tano: Ulaya na Urusi, Asia, Marekani zote mbili, Afrika na Mashariki ya Kati. Sentimita moja inayobaki chini ni ya kuandikia miaka.

Kosa la kawaida ni kuipa miaka ya vita nafasi kubwa kuliko inavyostahili kwa vipimo. Usifanye hivyo. Vita vya Kwanza ni sentimita nne na kitu. Muda kati ya 1919 na 1939 ni sentimita ishirini. Majibu mengi ya maswali ya vita yamo ndani ya hizo ishirini, na ukizibana hutayaona.

Anza na tarehe zisizozidi 30. Za lazima ni kama 28 Juni 1914 (mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria kuuawa Sarajevo), 1917 (mapinduzi ya Urusi na Marekani kuingia vitani), 28 Juni 1919 (Mkataba wa Versailles), Oktoba 1929 (soko la hisa la New York kuanguka), 30 Januari 1933 (Hitler kuwa kansela), 3 Oktoba 1935 (Italia kuivamia Ethiopia), 7 Julai 1937 (vita vya Japani na China), 1 Septemba 1939 (Ujerumani kuivamia Poland), 22 Juni 1941 (Ujerumani kuuvamia Muungano wa Kisovieti), 7 Desemba 1941 (Japani kuishambulia Pearl Harbor), 6 na 9 Agosti 1945 (mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki), 15 Agosti 1947 (uhuru wa India), 1 Oktoba 1949 (Jamhuri ya Watu wa China), Aprili 1955 (mkutano wa nchi za Asia na Afrika, Bandung), 6 Machi 1957 (uhuru wa Ghana), Oktoba 1962 (makombora ya Cuba), Oktoba 1973 (mgogoro wa mafuta), 9 Novemba 1989 (Ukuta wa Berlin), Desemba 1991 (kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti), Aprili 1994 (Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, Rwanda), 11 Septemba 2001 (mashambulizi ya kigaidi Marekani), Septemba 2008 (msukosuko wa fedha duniani). Nyingine zitaingia zenyewe unaposoma. Mwaka 1960 usijaribu kuandika nchi moja moja: andika “Afrika, nchi 17 huru” ndani ya sentimita moja, na wingi huo utakushangaza unapoutazama.

Faida ya safu nne inaonekana pale unaposoma wima badala ya mlalo. Chukua 1956. Israeli inaishambulia Misri tarehe 29 Oktoba, Uingereza na Ufaransa zinaanza kuipiga Misri kwa mabomu tarehe 31, vifaru vya Kisovieti vinaingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kwa nguvu tarehe 4 Novemba, na tarehe 6 Wamarekani wanapiga kura kumrudisha Eisenhower. Vitabu vingi huziweka Suez (yaani mashambulizi hayo dhidi ya Misri) na Hungaria katika sura mbili tofauti. Ukiziona ndani ya juma moja unaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kwa nchi za Magharibi kuikemea Moscow kwa uvamizi huku mbili kati yao zikivamia nchi nyingine.

Ramani, majina na kalenda

Tafuta ramani za 1914, 1923, 1949 na 1992. Zinakili kwa mkono, kwa sababu mkono unaochora mpaka wa Austria-Hungaria unaukumbuka kuliko jicho lililoupitia. Weka alama kwenye dola zilizotoweka: Austria-Hungaria, dola ya Uturuki ya Waosmani, kisha Muungano wa Kisovieti na Yugoslavia. Halafu tazama Afrika. Baada ya 1918 makoloni ya Ujerumani yalibadilishwa mikono tu: Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Uingereza, Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, kwa kifungu cha 22 cha katiba ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Na mwaka 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaamua mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe.

Majina huwapoteza wengi. Saint Petersburg iliitwa Petrograd tangu 1914, Leningrad tangu 1924, ikarudia jina la kwanza 1991. Kongo ya Wabelgiji ikawa jamhuri 1960, Zaire 1971, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1997. Tumia jina la wakati unaouzungumzia, na uandike jina la leo pembeni mara moja tu.

Kalenda ni mtego mbaya zaidi. Urusi ilitumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba 1917 yaliadhimishwa tarehe 7 Novemba. Mwaka 1918 Warusi walilala tarehe 31 Januari wakaamka tarehe 14 Februari. Hati ya Ethiopia yenye mwaka 1928 inaweza kuwa ya wakati wa uvamizi wa Italia mwaka 1935, maana kalenda yao iko nyuma kwa miaka saba au minane kufuatana na mwezi. Barua za Zanzibar na Oman zenye mwaka wa Hijria nazo zinahitaji jedwali la kubadilishia, kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kwa takriban siku 11 na tofauti haibaki ile ile. Usikisie, badilisha kila tarehe kabla hujaiandika kwenye ukanda.

Kufuata sababu siku kwa siku: Julai 1914

Mada ya kwanza iwe mwezi Julai 1914, kwa kuwa inafundisha mbinu yenyewe. Jibu la darasani ni kwamba risasi ya Gavrilo Princip ilisababisha vita. Weka tarehe mbele ya jibu hilo. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, aliuawa na Princip 28 Juni. Austria-Hungaria ilipeleka onyo la mwisho kwa Serbia 23 Julai. Kati yake kuna siku 25. Kama risasi peke yake ilitosha, siku hizo zilikuwa za nini?

Chora jedwali la safu tatu kwenye kaunta buku: siku, nani alifanya nini, na njia gani nyingine alikuwa nayo siku ile. Safu ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani.

Tarehe 5 na 6 Julai Ujerumani iliiahidi Vienna, yaani serikali ya Austria-Hungaria, msaada bila masharti. Ingeweza kuweka masharti. Waziri mkuu wa Hungaria, Tisza, alipinga vita hadi katikati ya mwezi. Bila ridhaa yake Vienna isingesonga. Askari wengi walikuwa likizo ya mavuno. Tena rais wa Ufaransa, Poincaré, alikuwa ziarani Urusi tangu 20 hadi 23 Julai, na Vienna ilitaka aondoke kwanza ili Wafaransa na Warusi wasipange jibu wakiwa meza moja. Onyo lilipelekwa Belgrade jioni ya siku ile ile aliyoondoka, likiwa na muda wa saa 48. Hapo unaona hesabu za watu waliokaa wakapanga, wala si hasira ya ghafla.

Endelea. 25 Julai Serbia ilikubali sehemu kubwa ya madai ila ikakataa maofisa wa Austria washiriki katika uchunguzi wa kimahakama ndani ya nchi yake. 28 Julai Austria-Hungaria ikatangaza vita. 30 Julai Tsar, mfalme wa Urusi, akaamuru jeshi lote la Urusi likusanywe. 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, 3 Agosti dhidi ya Ufaransa, 4 Agosti ikaingia Ubelgiji na Uingereza ikajibu kwa kutangaza vita. Swali la kuulizia siku hizo za mwisho ni hili: kwa nini ugomvi wa Balkani uliishia Ubelgiji? Kwa sababu mpango wa vita wa Ujerumani ulitaka Ufaransa ipigwe kwanza, ndani ya wiki chache, kabla Urusi haijamaliza kukusanya jeshi lake, na njia ya mpango huo ilipita Ubelgiji. Ratiba ya reli iliwapa majenerali nguvu ambayo wanadiplomasia hawakuwa nayo.

Sasa panga sababu katika ngazi tatu: za miaka (mashindano ya silaha, miungano, ugomvi wa Balkani tangu 1908), za miezi, na za siku. Kisha ondoa moja moja na uulize kama vita vingetokea vilevile. Ukiondoa miungano peke yake, je, Ujerumani ingekaa kimya? Ukiiondoa ahadi ya 5 Julai? Hapa wanahistoria bado wanabishana, nawe una haki ya kuchagua upande, mradi uonyeshe siku unazozitegemea.

Usiishie Ulaya. Mapigano ya Tanga yalikuwa mwanzoni mwa Novemba 1914, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya silaha kunyamaza Ufaransa. Anayeandika kwamba vita viliisha 11 Novemba kila mahali amewafuta wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Kuipima hadithi iliyozoeleka: Ujerumani 1919–1933

Mada ya pili ichukue dai linalorudiwa kuliko yote: Mkataba wa Versailles ulimleta Hitler. Wengine huongeza mfumuko wa bei wa 1923, wakati dola moja ilipofika mabilioni kwa maelfu ya marki. Andika takwimu hizi za kura za chama cha Nazi mstari mmoja: Mei 1928 asilimia 2.6, Septemba 1930 asilimia 18.3, Julai 1932 asilimia 37.3, Novemba 1932 asilimia 33.1.

Tazama ya kwanza. Miaka tisa baada ya Versailles, karibu miaka mitano baada ya mfumuko wa bei kudhibitiwa, Wajerumani 97 katika kila 100 waliopiga kura walikipita chama hicho. Kwa hiyo mkataba ulitengeneza kinyongo kilichoweza kutumiwa, lakini kitu kingine ndicho kilichokifufua: mdororo wa uchumi uliofuata 1929. Mapema 1932 watu zaidi ya milioni sita hawakuwa na kazi, na serikali ya kansela Brüning ilikuwa imepunguza matumizi na mishahara wakati ule ule.

Tazama ya mwisho nayo. Kura zilishuka Novemba 1932, na bado Hitler akawa kansela chini ya miezi mitatu baadaye. Kura haziwezi kueleza hilo. Inabidi usome mazungumzo ya von Papen, kansela wa zamani, na watu waliomzunguka rais Hindenburg, walioamini wangeweza kumtumia Hitler na kumdhibiti. Takwimu nne zimekuondolea jibu jepesi na kukupa maswali mawili sahihi.

Mada ya tatu na ya nne chagua mwenyewe. Tunapendekeza moja iwe ya kuvunjika kwa himaya za kikoloni 1945–1965, kwa sababu inaunganisha India, Ghana, Algeria na Afrika Mashariki, na nyingine ya China au ya Mashariki ya Kati.

Hati na tarehe zake mbili

Hati yoyote ina tarehe mbili: siku iliyoandikwa na siku iliyofunguliwa kwa umma. Wasomaji huuliza ya kwanza tu. Andika zote mbili juu ya ukurasa, kisha nani alimwandikia nani, na alijua nini siku ile.

Zoezi zuri ni Mkataba wa Atlantiki wa 14 Agosti 1941, wa rais Roosevelt wa Marekani na waziri mkuu Churchill wa Uingereza. Ni mfupi, vipengele vinane. Kipengele cha tatu kinaheshimu haki ya watu wote kuchagua serikali wanayotaka kuishi chini yake. Soma pamoja nacho hotuba ya Churchill bungeni ya 9 Septemba 1941, alipoeleza kwamba walikuwa wakifikiria kwanza mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi, na kwamba makoloni ya Uingereza ni suala jingine. Halafu hotuba ya Roosevelt ya Februari 1942, iliyosema mkataba unahusu dunia nzima. Hati tatu, miezi sita, na maana mbili zinazogombana. Sasa nenda Manchester, Oktoba 1945, kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika alikokuwapo Nkrumah na Kenyatta, uone maana ipi ilishikwa na waliotawaliwa.

Tarehe ya kufunguliwa inaonekana vizuri zaidi katika mgogoro wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba rais Kennedy wa Marekani alisimama imara na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akarudi nyuma tarehe 28 Oktoba 1962. Nyaraka na ushuhuda uliotoka baadaye ulithibitisha kwamba usiku wa 27 Oktoba Robert Kennedy, ndugu wa rais, alimwahidi balozi wa Kisovieti Dobrynin kuwa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yangeondolewa, kwa sharti ahadi ibaki siri. Yaliondolewa kufikia Aprili 1963. Kitabu cha mwaka 1970 kuhusu Cuba kinaweza kuwa kimeandikwa kwa uaminifu mkubwa na bado kikakosea kiini. Kwa hiyo tazama mwaka wa kuchapishwa kabla ya kununua kitabu chochote cha Vita Baridi. Kilichoandikwa kabla ya 1991 kisome kama ushahidi wa fikra za wakati wake.

Kuna pia hati zilizofichwa kwa makusudi. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London ilisababisha serikali ya Uingereza ikiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yaliyohamishwa na kuhifadhiwa Hanslope Park. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikubali kuwalipa fidia walalamikaji 5,228. Aliyeandika historia ya Kenya kabla ya hapo hakuwa na karatasi hizo mkononi.

Kwa hati za bure kwenye intaneti, anza na mkusanyiko wa Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale, kumbukumbu za bunge la Uingereza, na nyaraka za kidiplomasia zinazochapishwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Nyingi ni za Kiingereza, na nyingi ni za upande wa walioshinda. Zisawazishe kwa magazeti ya zamani ya Kiswahili. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Lisome ukitafuta linachokinyamazia sawa na linachokisema.

Baada ya 1991

Hapa nyaraka nyingi za serikali bado zimefungwa, na ndiyo sababu walimu wengi huikimbia sehemu hii. Usiikimbie; badilisha chanzo. Hukumu za mahakama zina ushahidi uliohojiwa pande zote mbili. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo inasomeka, ina tarehe, mahali na maneno ya mashahidi. Ripoti za tume na takwimu za Benki ya Dunia zinafaa pia. Habari za siku hiyo hiyo zitumie kujua watu walidhani nini, si kujua kilichotokea.

Insha

Andika insha nne za maneno 800, moja kila baada ya siku mbili au tatu, bila kufungua daftari. Chukua swali kama: kwa nini Vita Baridi viliisha 1989 na si 1979? Jibu la haraka ni uchumi mbovu wa Kisovieti. Lakini uchumi ule ulikuwa umedorora tangu miaka ya 1970, na vifaru viliingia Budapest 1956 na Prague 1968. Kilichobadilika ni nia ya kuvitumia. Gorbachev alishika uongozi wa Muungano wa Kisovieti Machi 1985. Tarehe 7 Desemba 1988 aliuambia Umoja wa Mataifa kuwa jeshi lake litapunguzwa kwa askari 500,000. Majeshi yake yakatoka Afghanistan Februari 1989. Poland ikafanya uchaguzi 4 Juni, mwezi Septemba Hungaria ikafungua mpaka wake kwa Wajerumani wa Mashariki, na Novemba ukuta ukafunguka. Uchumi unaeleza kwa nini Moscow ilitaka mabadiliko. Uamuzi wa kutotuma vifaru unaeleza kwa nini yalitokea mwaka ule. Aya moja impe nafasi anayekupinga, kwa hoja yake iliyo kali kuliko zote.

Ukimaliza, iache siku moja. Kisha ichukue kalamu nyekundu, usome sentensi moja moja, na uisogeze kila sentensi kichwani miaka kumi mbele au nyuma. Inayobaki kuwa kweli hata ikisogezwa, kama “mataifa makubwa yalikuwa na uadui”, haielezi chochote. Ikate, uweke mahali pake jina, siku na uamuzi.